Nchi ya akina Willem: safari na Shangazi kutoka Rotterdam hadi Terschelling

Ijumaa, Rotterdam

Shangazi yangu alifundisha historia Lushoto tangu kabla sijazaliwa, na kuna ramani moja ya enzi za Wajerumani ambayo kila darasa lake liliiona. Juu ya milima ya Usambara, palepale ulipo mji wetu, pameandikwa Wilhelmstal, jina la Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Alipostaafu na kupata viza ya kuja kunitembelea Uholanzi, ninakofanya kazi ya uuguzi, hakuomba kupelekwa kwenye mashamba ya maua. Alisema, "Mwanangu, nasikia kaburi la yule Wilhelm liko hukohuko kwenu. Nipeleke nikalione."

Nikachukua likizo. Kwa Waholanzi jina hilo ni Willem, na limetapakaa nchi nzima, kuanzia kwa mfalme aliyepo, Willem-Alexander, hadi kwenye madaraja, mifereji, timu ya mpira na vijiji. Tukakubaliana tusiishie kaburini. Tutafuata akina Willem kadiri treni zitakavyotufikisha, na kila tukikuta jina kwenye kibao Shangazi atauliza swali lake la darasani: nani kaliweka hapa, na kwa nini?

Tulianza karibu na nyumbani. Willemsbrug ni lile daraja la nguzo nyekundu linaloushika mto Maas kwa nyaya. Hili lilifunguliwa mwaka 1981, lakini jina ni la daraja la zamani la mwaka 1878, lililopewa heshima ya Mfalme Willem wa Tatu. Mwezi Mei 1940 wanajeshi wa Kijerumani na wa Kiholanzi walipigania madaraja ya hapa, na tarehe 14 ndege zikaja zikauteketeza moyo wa mji. Ndiyo maana katikati ya Rotterdam hakuna nyumba nyingi za kale.

Willem mwingine wa Rotterdam aliondoka kwa kujificha. Willem de Kooning alizaliwa hapa mwaka 1904, na mwaka 1926 akapanda meli bila karatasi hadi Marekani, akapaka rangi nyumba za watu, kisha akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne yake. Leo chuo cha sanaa cha mji aliokimbia kina jina lake. Shangazi alisimama mbele ya mlango wa chuo muda mrefu. "Huyu hakuwa mfalme," akasema, na nilimwona amefurahi.

Jumamosi, Delft

Delft ni mwendo mfupi kwa treni. Huku ndiko alikouawa Willem wa mwanzo, yule ambaye wengine karibu wote wenye taji walirithi jina lake: Willem van Oranje, aliyezaliwa mwaka 1533 Dillenburg, Ujerumani, akaja kuongoza uasi wa majimbo ya Uholanzi dhidi ya Philip wa Pili, mfalme wa Hispania. Mwaka 1580 Philip alitangaza zawadi ya sarafu 25,000 za dhahabu kwa atakayemuua. Tarehe 10 Julai 1584 Balthasar Gerards alimngoja kwenye ngazi za Prinsenhof, nyumba iliyokuwa ya watawa, akampiga risasi wakati anatoka mezani.

Matundu ya risasi bado yamo ukutani, nyuma ya kioo. Shangazi aliyatazama, akageuka akazitazama ngazi, akapima umbali kwa macho. "Karibu hivi?" akaniuliza. Karibu hivyo. Ukisimama pale unaelewa kwamba mtu ambaye majeshi yalishindwa kummaliza alitafutwa kwa bei, kama mali ya mnadani. Gerards mwenyewe alikamatwa na kuuawa kwa mateso makali, lakini Philip aliikumbuka familia yake kwa ardhi na cheo.

Kaburi liko Nieuwe Kerk, upande wa pili wa uwanja wa soko. Familia yake ilikuwa ikizikwa Breda, ila Breda wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wahispania, kwa hiyo akazikwa alipofia, na tangu hapo chumba cha chini ya kanisa kimekuwa makaburi ya ukoo wa kifalme. Umma hauruhusiwi kuingia. Juu kuna sanamu yake ya marumaru amelala, na mbwa wake miguuni. Nilimweleza Shangazi kwamba wimbo wa taifa wa Waholanzi una beti 15, na herufi za mwanzo za beti hizo zikipangwa hutoka jina lake, Willem van Nassov. Akatoa daftari, akataka nimhesabie herufi moja moja. Zilitosha.

Kuna jambo moja nililiweka akiba la kumwambia Doorn. Mjukuu mmoja wa huyu Willem aliolewa na mtawala wa Brandenburg, na katika uzao wake ndimo alimotoka Kaizari Wilhelm wa Pili.

Jumapili, Willemstad

Willemstad ya Brabant ni mji mdogo sana. Unaweza kuuzunguka wote kwa miguu juu ya tuta lake kabla chai haijapoa. Zamani uliitwa Ruigenhil. Willem van Oranje aliuzungushia ngome ili kuulinda mlango wa maji wa Hollands Diep, na baada ya kuuawa ukapewa jina lake. Ngome ina ncha saba kama nyota, kila ncha ikiitwa kwa jina la mojawapo ya majimbo saba yaliyoungana. Kanisa lina pembe nane. Maurits, mwana wa Willem, alichangia fedha kwa sharti kwamba liwe la mviringo au la pembe nane. Lilikamilika mwaka 1607, na ndilo la kwanza nchini kujengwa tangu mwanzo kwa ajili ya Waprotestanti.

Kwenye benchi la bandarini tulikuta familia inayozungumza Kipapiamento, watu wa Curaçao, kisiwa cha Karibea, wanaoishi Brabant. Mama mmoja alicheka aliposikia tumekuja kuiona Willemstad. Willemstad yake, alisema, ina jua.

Alikuwa sahihi kwamba ile ndiyo Willemstad ambayo dunia inaijua. Kampuni ya Kiholanzi ya West India iliteka kisiwa cha Curaçao mwaka 1634, na mji wake mkuu ukaitwa kwa heshima ya Willem wa Pili wa Oranje, mjukuu wa yule wa Delft. Picha za nyumba zake za rangi zilizo ukingoni mwa maji zinapendeza, na UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1997. Lakini bandari ile ilikuwa soko. Waafrika waliletwa pale kwa maelfu, wengine wakauzwa tena kwenda makoloni ya Hispania. Tarehe 17 Agosti 1795 mtumwa aitwaye Tula aliongoza wenzake kuacha kazi na kudai uhuru. Wakawashinda askari mara ya kwanza, kisha wakazidiwa nguvu, na Tula akauawa hadharani Oktoba mwaka uleule.

Utumwa ulifutwa Curaçao, Suriname na makoloni mengine ya Kiholanzi ya upande huo tarehe 1 Julai 1863, chini ya Willem wa Tatu, mfalme wa lile daraja la Rotterdam. Waliolipwa fidia ni waliomiliki watu: gilda 200 kwa kila mtumwa wa Curaçao, 300 kwa kila wa Suriname. Walioachwa huru hawakupewa kitu, na wa Suriname walitakiwa waendelee kufanya kazi chini ya uangalizi wa serikali kwa miaka 10 mingine. Tarehe 1 Julai 2023, mjini Amsterdam, Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi na kuomba msamaha. Yule mama alikuwepo uwanjani siku hiyo. Alisema mvua haikumsumbua, wala hotuba haikumtosha, lakini alitaka kusikia kwa masikio yake mtu mwenye jina lile akiyasema maneno yale.

Shangazi alimshika mkono. Hawakuwa na lugha ya pamoja, mimi nikawa mkalimani wao mpaka basi likaja.

Jumatatu, Tilburg

Fupi, kwa sababu mpwa wangu wa Tanga alitaka picha ya uwanja tu. Willem II ni klabu ya mpira, ilianza mwaka 1896 kwa jina la Tilburgia, ikabadili jina mwaka 1898. Virgil van Dijk na Frenkie de Jong walilelewa katika chuo chake cha vijana. Mfalme mwenyewe, Willem wa Pili (si yule wa Curaçao, huyu ni wa karne ya 19), aliupenda mji huu, akaanza kujijengea kasri, akafa hapa Machi 1849 kabla hajalala humo. Sasa ni sehemu ya ofisi za manispaa. Tulipiga picha, tukala viazi, tukarudi.

Jumanne, Leiden

Hapa safari ilinigusa mimi kwa kazi yangu. Katika jumba la makumbusho la Boerhaave kuna kifaa cha Willem Einthoven cha kuchora umeme wa moyo (ECG), na mtu yeyote aliyewahi kubandikwa vile viduara vya waya kifuani hospitalini ana deni kwake.

Einthoven alizaliwa Semarang, kisiwani Java, mwaka 1860. Baba yake, daktari wa jeshi, alifariki mapema, na mama akawarudisha watoto Uholanzi. Alikuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu alipokuwa profesa Leiden. Ilijulikana kwamba moyo unapopiga hutoa umeme kidogo, lakini vifaa vya wakati ule viliuchora kwa uvivu na kwa makosa. Yeye alichukua uzi mwembamba mno wa kioo cha kwatsi, akaupaka fedha, akaupitisha katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ukipita, uzi unacheza, na kivuli chake kinapigwa picha kwenye karatasi inayotembea. Mtambo mzima ulikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ulihitaji watu watano kuuendesha. Mgonjwa aliketi na mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi.

Mtambo haukuweza kwenda hospitali, na wagonjwa hawakuweza kuletwa maabara, kwa hiyo mwaka 1905 Einthoven aliusafirisha mpigo wenyewe kwa waya wa simu, umbali wa kama kilomita moja na nusu. Herufi P, Q, R, S na T ambazo kila daktari na muuguzi huzisoma kwenye ule mchoro ni za kwake. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, akafariki mwaka 1927.

Nilimsomesha Shangazi mchoro mmoja uliotundikwa ukutani, wimbi kwa wimbi. Alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikipimwa hospitali ya KCMC mwaka ule, ndicho hiki?" Ndicho hiki, Shangazi.

Chumba kingine kuna ngoma kubwa ya vibao vya mbao iliyolala juu ya beseni. Nikamwambia asiulize sasa, hiyo tunaifuata Alhamisi.

Jumatano, Doorn

Treni hadi Driebergen, halafu basi linalopita katikati ya misitu. Shangazi alivaa kitenge chake kizuri na viatu vya kanisani. Nilidhani ni kwa heshima ya marehemu. Akanirekebisha: ni kwa heshima ya waliomtuma. Alikuwa na orodha ya majina kwenye daftari.

Wilhelm wa Pili, Kaizari wa Ujerumani, aliingia Uholanzi tarehe 10 Novemba 1918, siku moja kabla bunduki hazijanyamaza Ulaya. Malkia Wilhelmina na serikali yake walimkubalia hifadhi, wakakataa kumtoa ashtakiwe. Alikaa kwanza Amerongen, nyumbani kwa mwenyeji wake, kisha akanunua nyumba hii ya Doorn na kuhamia mwaka 1920. Vyombo vyake vilikuja kutoka Ujerumani kwa mabehewa 59. Vingi vimo hadi leo: masanduku ya ugoro ya babu zake, vyombo vya fedha, kiti cha umbo la tandiko la farasi alichokalia mezani pa kuandikia, na uma wenye makali ya kisu upande mmoja, kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulikuwa na ulemavu tangu kuzaliwa. Asubuhi alikuwa akikata miti. Alikata miti miaka mingi.

Mwongozaji wa wageni alikuwa mwema, alieleza yote hayo kwa ufasaha. Hakuitaja Afrika. Shangazi akainua mkono kama mwanafunzi, nami nikatafsiri. Alisema anatoka mji ulioitwa kwa jina la mwenye nyumba hii. Alisema kilele cha Kilimanjaro nacho kilibandikwa jina lake na Hans Meyer mwaka 1889, na kwamba katika mlima huohuo Mangi Meli wa Wachaga alinyongwa na maofisa wake mwaka 1900, na familia inatafuta fuvu lake hadi leo. Alisema kuhusu Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa mwaka 1905, na Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na jinsi vita vya Maji Maji vilivyomalizwa kwa kuchoma mashamba na maghala hadi watu wakafa kwa njaa, ambao makadirio ya baadhi ya wanahistoria huwafikisha 300,000. "Huyu alikuwa mfalme wao wakati huo. Alikuwa amekalia kiti kile?" akauliza. Mwongozaji alikitazama kile kiti. Akasema atasoma zaidi, na akaandika majina. Alimwomba Shangazi amwandikie yeye mwenyewe ili asikosee herufi, na Shangazi akayaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, moja chini ya jingine.

Kaburi ni kijumba ndani ya bustani. Wilhelm alifariki tarehe 4 Juni 1941, nchi ikiwa chini ya Wajerumani wengine, na aliagiza asirudishwe kwao mpaka ufalme urudi. Haukurudi, basi yupo. Karibu hapo kuna makaburi ya mbwa wake, yenye majina.

Nikamwambia sasa lile la ukoo, kwamba huyu ni mzao wa yule wa Delft. Shangazi hakushangaa. Alichosema ni kwamba jina la Wilhelm halikudumu Lushoto hata miaka 30. Waingereza walipouingia wakati wa vita vya kwanza vya dunia, mji ukarudia jina ambalo wenyeji hawakuwahi kuliacha, na baada ya uhuru kilele nacho kikawa Uhuru. Akayasoma majina ya orodha yake kwa sauti, polepole, akafunga daftari, tukaenda kula.

Alhamisi, Kampen

Kutoka Zwolle kuna treni ndogo ya dakika kama kumi. Kituo kiko upande huu wa mto IJssel na mji wa kale upande ule, kwa hiyo unauingia Kampen kwa miguu, juu ya daraja.

Willem Kolff alizaliwa Leiden mwaka 1911. Mwaka 1938, akiwa daktari kijana Groningen, alimwona kijana wa miaka 22 akifa kwa figo kushindwa kazi, na yeye ndiye aliyemweleza mama wa kijana huyo, mwanamke wa shambani. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ingewezekana kuondoa sumu kiasi fulani kila siku, kijana angeishi. Akapewa wazo la utando wa selofani, ule uliotumika kufungia soseji. Akautia damu yenye urea, uchafu ambao figo huutoa kwa mkojo, akautikisa ndani ya maji ya chumvi. Urea ikapita, damu ikabaki.

Wajerumani walipoingia, mkuu wake Myahudi, profesa Polak Daniels, alijiua pamoja na mkewe, na mahali pake pakawekwa Mnazi. Kolff hakutaka kufanya kazi chini ya huyo. Akaja hospitali ndogo ya Kampen mwaka 1941. Humu, katikati ya vita, vifaa vikiwa adimu, mwenye kiwanda cha sufuria za enameli, Hendrik Berk, alimsaidia kuunda ngoma ya vibao vya mbao, mita 20 hivi za selofani zikiwa zimezungushiwa. Ngoma inazunguka, nusu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, damu inapita ndani ya utando na kuacha uchafu wake. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Machi 1943.

Karibu wagonjwa wote wa mwanzo walikufa. Hili nataka lieleweke. Walikuwa zaidi ya kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine, kwa zaidi ya miaka miwili, na kila mara Kolff alirudi kwenye ngoma. Nimewahudumia watu wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nawajua kwa majina, kwa watoto wao, kwa chai wanayoipenda. Nikisimama mtaani Kampen nawaza usiku wa daktari yule baada ya yule wa kumi.

Septemba 1945 aliletwa mwanamke wa miaka 67 akiwa hajitambui. Alikuwa mfungwa, kwa kosa la kushirikiana na Wanazi, na wapo mjini walioona heri afe. Kolff alimwunganisha na mashine. Baada ya saa kadhaa alifumbua macho. Aliishi miaka mingine, akafa kwa ugonjwa mwingine mwaka 1951.

Kolff hakuchukua hataza. Alitengeneza mashine nyingine na kuzigawa kwa hospitali za nje, London na New York zikiwamo. Mwaka 1950 alihamia Marekani, na katika chuo kikuu cha Utah aliongoza kazi iliyozaa moyo wa kutengenezwa aliowekewa mgonjwa Barney Clark mwaka 1982. Alifariki mwaka 2009.

"Chema chajiuza," alisema Shangazi, kisha akanyamaza, kwa maana jirani yake Lushoto huteremka Mombo na kwenda mbali kila wiki kwa ajili ya mashine hiyohiyo, na nauli ndiyo inayomshinda. Tuliongea hilo hadi jioni. Willem huyu ndiye niliyemfuata kwa dhati, na ningetamani kila mtoto wetu anayejifunza majina ya makaizari ajue na la huyu.

Ijumaa, Willemsoord

Karibu na Steenwijk. Kijiji kilichoanzishwa mwaka 1820 kwa ajili ya maskini wa mijini, kikapewa jina la mwanamfalme aliyekuja kufia Tilburg. Kila familia ilipata nyumba ndogo, kipande cha shamba na sheria nyingi. Mvua ilinyesha mfululizo. Tukaendelea kwenda Harlingen kulala.

Jumamosi, Terschelling

Kivuko kinachukua kama saa mbili juu ya bahari ya kina kifupi, na mnara wa taa wa Brandaris unaonekana mapema. Umesimama tangu mwaka 1594, na mwaka huohuo Willem Barentsz, mzaliwa wa kisiwa hiki, alianza safari yake ya kwanza kutafuta njia ya kaskazini ya kwenda China na Indies. Safari ya tatu, mwaka 1596, barafu iliibana meli yao huko Novaya Zemlya, visiwa vya Urusi vya kaskazini kabisa. Watu 17 walijenga nyumba kwa magogo ya baharini na mbao za meli, wakakaa humo kipupwe kizima. Waliondoka kwa mashua mbili za wazi, na Barentsz akafia njiani tarehe 20 Juni 1597. Wenzake 12 walifika nyumbani. Chuo cha mabaharia cha hapa kina jina lake, na Bahari ya Barents ya huko kaskazini pia.

"Kwa nini wapite kaskazini kwenye barafu?" Shangazi aliuliza, ingawa nilijua jibu analo. Kwa sababu njia ya kusini, ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupita mwambao wetu, ilikuwa ya Wareno, na tangu mwaka 1580 mfalme wa Ureno alikuwa Philip yuleyule wa Hispania. Ni kwa amri yake Fort Jesus ilijengwa Mombasa kati ya mwaka 1593 na 1596.

Akalifungua daftari juu ya meza ya mgahawa, akachora mstari, akaweka miaka: 1584 Delft, 1593 Mombasa, 1596 Novaya Zemlya, na juu ya yote jina moja, Philip. Alifundisha Fort Jesus miaka yote, alisema, na Delft hakuwahi kuitaja. Ameshampigia simu mwalimu aliyeshika nafasi yake, amwachie vipindi viwili atakaporudi. Vyombo walivyoviacha akina Barentsz kwenye ile nyumba, vilivyopatikana mwaka 1871, viko Rijksmuseum, Amsterdam. Kesho tunapanda kivuko cha asubuhi.